Karti, Safari na Lami ya Isiolo

Nimekuwa kimya hapa kwa zaidi ya mwezi mmoja. Samahanini. Kazi ya ofisini ilinibana: nikitatua hitilafu moja zinazaliwa mbili, na mteja naye anataka toleo jipya kila Ijumaa. Leo siandiki kuhusu programu. Leo ni historia, na wale waliokuja kutafuta mambo ya hifadhidata wanivumilie kidogo.

Desemba iliyopita tulikutana Nairobi marafiki wanne tuliokua pamoja Chechelesi, pale mjini Isiolo. Mmoja ni mwalimu. Mwingine anauza vipuri vya pikipiki. Wa tatu ana karakana ya kuchomelea vyuma hukohuko Isiolo, na tangu utotoni tunamwita Fundi. Wa nne ni mimi, mtu wa kompyuta. Mwalimu ndiye aliyetoa wazo kwamba twende tukaendeshe go-karti, vile vigari vidogo vya mashindano visivyo na paa wala milango. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukikalia. Tukalipa, tukapewa helmeti, tukaambiwa tusubiri zamu yetu.

Wakati sisi tunapiga picha, Fundi alikuwa amelala chini ubavu, anachungulia uvunguni mwa karti. Aliinuka akijipangusa vumbi.

“Hii kitu haina springi,” akasema. “Haina difu pia. Sasa ukiipeleka Chechelesi itafika wapi?”

Tulicheka. Lakini swali lile limekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona kwamba ni swali la historia.

Kwanza tuangalie mashine yenyewe. Fundi alikuwa sahihi. Karti ya mashindano haina springi wala shokabsoba. Magurudumu mawili ya nyuma yameshikwa na ekseli moja ngumu, kwa hiyo yanazunguka kwa kasi ileile hata kwenye kona, ambapo gurudumu la nje lina njia ndefu zaidi. Gari la kawaida hutatua tatizo hilo kwa difu. Karti hulitatua kwa namna ya ajabu: ukikata kona, fremu yenyewe hupinda kidogo na gurudumu la nyuma la upande wa ndani huinuka au kupungukiwa uzito, ndipo karti ikapinda. Fremu ndiyo springi. Na tumbo lake liko sentimita chache tu kutoka ardhini. Yote haya yanafanya kazi vizuri kwa sharti moja: ardhi iwe laini kama meza. Ukikuta jiwe la ukubwa wa ngumi, safari imeisha.

Ndiyo maana ilibidi karti izaliwe mahali penye lami nyingi kupita kiasi. Mwaka 1956, huko California nchini Marekani, Art Ingels alichukua mabomba ya chuma, akachomelea fremu ndogo, akafunga injini ya mashine ya kukatia nyasi. Ingels alikuwa fundi wa Kurtis Kraft, karakana ya Glendale iliyokuwa ikiunda magari ya mashindano. Alisaidiwa na rafiki yake, Lou Borelli. Kigari kile walikiendesha kwenye maegesho makubwa ya magari nje ya uwanja wa Rose Bowl, Pasadena. Watu wakakiona, wakakitaka.

Miongoni mwao alikuwa Duffy Livingstone, ambaye pamoja na mwenzake Roy Desbrow walikuwa na karakana ya sailensa za magari. Ndio waliokuja kuanzisha kampuni ya Go Kart, iliyouza vigari hivyo vikiwa vipande vya kujiunganishia nyumbani. Mwaka 1959 kampuni ya McCulloch, iliyojulikana kwa misumeno ya injini, ilitoa injini iliyotengenezwa mahsusi kwa karti. Mwaka 1962 Shirikisho la Kimataifa la Magari likaunda kamati ya kusimamia mchezo huo, na mwaka 1964 bingwa wa kwanza wa dunia akapatikana mjini Rome, Mwitaliano Guido Sala. Leo dereva yeyote wa Formula One ukimuuliza alianzia wapi, karibu kila mmoja atakwambia alianzia kwenye karti. Ayrton Senna mwenyewe alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa karti mwaka 1979 na tena 1980, na hakuwahi kuupata.

Mnaona? Kuchomelea, injini iliyokosa kazi, karakana ya sailensa. Hayo yote ni jua kali. Hakuna hata kimoja ambacho Isiolo ilikosa. Isiolo ina mafundi wanaoweza kulirudisha barabarani lori lililokatika chesi mara mbili. Tulichokosa ni maegesho ya Rose Bowl.

Sasa tuje kwetu. Miaka 3 kabla ya Ingels kuchomelea fremu yake, Afrika Mashariki ilipata mashindano yake ya magari. Mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliandaliwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo haya tunayoyaita Safari Rally. Sifa yake kubwa ilikuwa nini? Ubovu wa njia! Tope, vumbi, mito iliyofurika, mawe. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na mwaka 1968 tena magari 7 tu. Shujaa wa Safari alikuwa mtu kama Joginder Singh, aliyeshinda mara 3 (1965, 1974 na 1976), au Shekhar Mehta aliyeshinda mara 5 kati ya 1973 na 1982. Mabara mengine waliunda mchezo kutokana na lami yao. Sisi tulikuwa na mchezo uliotokana na kutokuwa na lami, na dunia ikaja kuutazama.

Mimi naipenda Safari, msinielewe vibaya. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, baada ya kutoka mwaka 2002, niliifuatilia kwenye simu siku zote. Lakini tofauti moja nataka tuikumbuke. Dereva wa Safari hupita kwenye njia mbovu kisha anaenda kwao. Mtu wa Isiolo alibaki nayo.

Na ilibaki mbovu si kwa bahati mbaya. Serikali ya kikoloni iliifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa. Sheria ya mwaka 1902, na baadaye ile ya 1934, zilimtaka mtu awe na kibali ili kuingia au kutoka, na Isiolo ndipo kilipokuwa kizuizi cha barabarani. Uhuru ulikuja Desemba 1963 na mwezi huohuo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita viliisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi 1991. Katikati ya hayo kulitoka Waraka wa Serikali nambari 10 wa mwaka 1965, uliosema fedha za maendeleo zielekezwe kwenye sehemu zitakazorudisha faida zaidi, yaani zenye mvua, ardhi nzuri na barabara. Soma hiyo mara mbili: barabara ipelekwe penye barabara! Kwenye kompyuta tungesema programu imeingia kwenye mzunguko usio na mwisho.

Kwa hiyo kwa miongo mingi lami iliyotoka Nairobi ilifika Isiolo ikakatika. Kuanzia hapo hadi Moyale, kama kilomita 500, ni mawe na vumbi. Wazee wetu wakipanda gari kwenda Nairobi walisema, “Naenda Kenya.” Hawakuwa wanatania.

Kisha mwaka 2007 ujenzi ukaanza. Kufikia 2011 kipande cha kwanza, kilomita 136 kutoka Isiolo hadi Merille, kilikuwa lami. Kufikia 2017 lami ilikuwa imefika Moyale.

Sasa nielezeni, mtoto wa Chechelesi mwenye umri wa miaka 12 anaona nini barabara kama hiyo inapoanza kutandikwa? Wengine waliona biashara. Wanasiasa waliona kura. Sisi tuliona uwanja wa mashindano.

Tulikuwa na vigari vya beringi. Nadhani wengi wenu mnavijua: ubao mmoja wa kukalia, ubao mwingine mbele umeshikwa na bolti moja ili uzunguke, kamba ya kukatia kona, na beringi kuukuu za malori badala ya magurudumu. Vijia vya Chechelesi ni mchanga na kokoto. Beringi inazama, unasukuma mpaka unachoka. Lakini juu ya lami mpya! Fundi ndiye aliyekiunda chetu na ndiye aliyekuwa dereva, kwa sababu alikuwa mwepesi na hakuwa na woga. Tulikwenda kwa miguu hadi upande wa kaskazini wa mji, kwenye vipande ambavyo havijafunguliwa kwa magari, tukasukumana mpaka jua linazama. Mimi nilikuwa na simu ya marehemu mjomba, Nokia yenye saa ya kupimia sekunde. Kazi yangu ilikuwa mbili: kupima muda, na kuangalia kama kuna gari.

Kipande chetu kilipofunguliwa, hatukuacha. Tulihesabu kwamba kuangalia magari ni jambo rahisi. Tangu tuzaliwe, lori likitoka kaskazini unaliona kabla halijafika. Vumbi lake linasimama angani kama moshi, una muda wa kutosha kukusanya vitu vyako na kwenda zako. Vumbi ndilo lililokuwa kengele yetu, na hakuna aliyewahi kutufundisha kuishi bila hiyo kengele. Lami haina vumbi. Na beringi juu ya lami zinapiga kelele kiasi kwamba aliye juu yake hasikii kitu kingine.

Ilikuwa jioni, mwaka 2010. Lori lilikuwa limebeba ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, natazama sekunde kwenye simu. Nilipoinua macho lilikuwa limeshafika. Dereva alikata kona akajaribu kumkwepa, na nadhani ndiyo sababu Fundi yuko hai. Mguu wa kushoto ulivunjika sehemu mbili. Alikaa hospitalini hadi akakosa mtihani wa mwisho wa mwaka, na shule hakuirudia vizuri. Akaingia karakana ya baba yake. Mimi nikaenda sekondari, kisha chuo kikuu, kisha kwenye kazi hii ya kukaa.

Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kulizungumza. Hakuna siku aliyoniuliza, “Ulikuwa unaangalia wapi?” Ingekuwa afadhali angeniuliza.

Turudi Nairobi. Kwenye karti mguu wa kulia ni wa moto na mguu wa kushoto ni wa breki. Nilipoambiwa hivyo nikamtazama Fundi, naye akawa anajifunga helmeti kama hakusikia. Mguu wake wa kushoto haukunjiki sawasawa. Nikamvuta pembeni nikamwambia si lazima, tunaweza kukaa tunywe soda tuwatazame wengine.

Akaninyoshea kidole kwenye skrini kubwa ukutani, ambapo mashine ilikuwa inaandika muda wa kila dereva hadi sehemu za sekunde.

“Leo kuna mashine ya kuhesabu, ndugu yangu,” akasema. “Wewe angalia barabara.”

Kisha akacheka, akanipiga bega, akaenda kukaa kwenye karti yake. Alisogeza mwili upande mmoja ili mguu ufike. Sikupata neno la kumjibu. Kwenye mbio alikuwa wa tatu kati yetu wanne. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho. Kusema kweli mizunguko ya kwanza miwili sikuona vizuri, na si kwa sababu ya helmeti.

Njiani kurudi tulizungumza kwa mara ya kwanza. Nikamwomba msamaha. Akasema alishanisamehe zamani, ila aliona mimi ndiye sitaki kusamehewa. Kisha akaongea habari nyingine kabisa: kwamba anataka kutafuta kiwanja kidogo Chechelesi, hata mita 50 kwa 30, amwage saruji, aweke ukuta wa matairi makuukuu, watoto wawe na mahali pa kusukumia vigari vyao. Karti akitaka anaweza kuichomelea mwenyewe. Alishaiona uvunguni, akasema, hakuna siri.

Ni kweli hakuna siri, hata Ingels mwaka 1956 hakuwa na siri. Alichokuwa nacho ni sehemu laini isiyopitwa na malori. Isiolo ilisubiri lami zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru, na ilipokuja ilikuja ikiwa barabara kuu. Hakuna aliyekumbuka kwamba watoto nao walikuwa wanaisubiri.

Basi nimeanza kupiga hesabu ya mifuko ya saruji. Nimefungua jedwali kwenye kompyuta, safu ya kwanza ni ya kwangu. Mkitoka Isiolo, au mkiwa mnajua bei nzuri ya kokoto, niandikieni. Na mkipita barabara ile ya kaskazini jioni, tafadhali punguzeni mwendo mnapokaribia mji.

Wasalaam, tuonane wiki ijayo. Nitarudi kwenye mambo ya hifadhidata, naahidi.