Mlango wa Mwalimu

Wandugu, leo tuzungumzie milango. Sio ile ya maofisi ambayo sisi waandishi tumezoea kusubiri nje yake. Nazungumzia mlango wa darasa.

Huko Marekani, wiki ya kwanza kamili ya mwezi Mei ni wiki ya kuwashukuru walimu. Katika shule nyingi wazazi huingia mwalimu akishaondoka, wakiwa na mikasi, gundi na karatasi za rangi. Wengine hutengeneza bustani: kila ua lina sura ya mtoto mmoja katikati, na mwalimu ndiye mtunza bustani. Wengine hutengeneza boksi la kalamu za rangi, kila kalamu na jina la mwanafunzi. Asubuhi mwalimu anakuta darasa zima linamshukuru kabla hajashika kitasa.

Ukitazama harakaharaka utasema ni mapambo tu ya watu wenye nafasi. Lakini hebu tuangalie siku yenyewe ilitoka wapi.

Bunge la Marekani lilitangaza Machi 7, 1980 kuwa Siku ya Mwalimu, tena kwa mwaka huo tu. Walioshinikiza walikuwa NEA, chama kikubwa cha walimu, pamoja na matawi yake ya Kansas, Indiana na mji wa Dodge City. Mwaka 1984 chama cha wazazi na walimu, PTA, kikatenga wiki nzima mwezi Mei. Mwaka 1985 NEA wakahamishia siku yao kwenye Jumanne ya wiki hiyo.

Umeona? Maua wanaleta wazazi, lakini siku iliombwa na chama ambacho kazi yake ni kutetea maslahi ya walimu.

Siku ya Walimu Duniani nayo ni hivyo hivyo. Ilianza kuadhimishwa mwaka 1994, na tarehe yake, Oktoba 5, inakumbuka mapendekezo ya UNESCO na ILO yaliyopitishwa Paris mwaka 1966. Ukiyasoma utakuta mambo ya mishahara, ukubwa wa madarasa, likizo na pensheni.

Sasa sikia hii. Februari 22, 2018 walimu wa jimbo la West Virginia waligoma, shule za kaunti zote 55 zikafungwa. Machi 6 gavana akasaini nyongeza ya mshahara ya asilimia 5, na Machi 7 walimu wakaanza kurudi darasani. Miaka 38 kamili tangu Siku ya Mwalimu ile ya kwanza! Sidhani kama kuna aliyeipanga.

Hapa kwetu kwa heshima ya maneno hatujambo. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, jina la Mwalimu likabaki naye mpaka leo. Tatizo ni ule msemo wetu kwamba ualimu ni wito. Mara nyingi nausikia pale mwalimu anapouliza habari za malipo.

Mimi sipingi mlango wa maua. Manila na gundi vipo, anayetaka kumfanyia mwalimu wake afanye, atafurahi. Ila akishamaliza kubandika, aulize pia ndani ya mlango huo kuna watoto wangapi, na anayewafundisha analipwa shilingi ngapi. Mwenye nyumba hapokei wito kama kodi.