Glaistig na fungu lake la maziwa

Katika milima ya Uskoti, wazee walikuwa wanasema habari za pepo mwanamke, jina lake Glaistig. Nguo yake ni ya kijani. Pengine alionekana mwanamke mufupi, pengine nusu mutu nusu mbuzi, pengine mbwa. Kazi yake kuchunga ng'ombe usiku. Kila jioni mwenye kukamua alimumwangia maziwa kidogo katika shimo la jiwe. Wakisahau, asubuhi walikuta ndama wamekwisha kunyonya yote.

Tunayajua hayo kwa sababu ya pasteri John Gregorson Campbell, aliyetumika kisiwani Tiree tangu 1861 hadi kufa kwake 1891. Aliuliza wenyeji kwa Kigaeli, lugha yao. Kitabu kilitoka 1900, mwenyewe hayuko tena.

Lakini mbele ya hapo, tangu karne ya 18, wenye udongo walikuwa wamefukuza watu wengi ili waweke kondoo. Ng'ombe wakiondoka pamoja na wenyewe, ni nani atamwanga maziwa? Halafu sheria ya masomo ya 1872 haikupa Kigaeli nafasi katika shule.

Basi tunaona kwamba mila haifi tu kwa sababu watu wameacha kuamini. Inakufa pia wakati kazi na lugha zilizoibeba zinaondolewa. Sisi walimu tusikimbilie kusema ni ushirikina. Tukae kwanza na wazee, tuulize, tuandike kwa lugha yao, wangali hai.