Diski moja ilikufa, na mbuzi wa babu karibu waende nayo

Wale mnanifuata kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na mnajua kuna kompyuta kuukuu chini ya meza yetu hapa Lodwar ambayo haizimwi. Hiyo ndiyo seva yangu. Ni mashine ya ofisi ya mtumba, ina diski mbili, na nimeifungia feni ya ziada kwa sababu saa nane mchana Lodwar si mchezo. Video zangu zote ziko humo, lakini hizo naweza kurekodi tena. Kitu siwezi kurekodi tena ni babu.

Niko na masaa kumi na moja ya sauti yake, niliyochukua kwa simu chini ya mti miezi michache kabla hajafariki. Anaongea Kiturukana, anakohoa, anaitisha tumbaku, halafu anataja wanyama. Ngamia wawili wako kwa fulani kule Letea. Mbuzi saba kwa mzee fulani wa Lokichar, na walitoka wapi, na kwa nini. Wakati ule niliona ni stori za wazee tu. Juzi baba mkubwa akanipigia: binamu yangu anaoa, familia inakusanya mahari, na wazee wanataka ile orodha ya mzee. Nikamwambia, "Iko, baba, usijali."

Siku tatu baadaye diski ikakufa.

Ngoja kwanza niwapeleke nyuma kidogo, kwa sababu hii stori haianzi kwangu.

Mwaka 1956 IBM walitoa mashine ya kwanza ya kuuzwa yenye diski ya sumaku, iliitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani hamsini, kila moja upana wa inchi 24, uzito wote kama tani moja, na ilibeba karibu herufi milioni tano. Hiyo ni kama picha moja ya simu yako. Kwa miaka mingi baada ya hapo akili ilikuwa moja: nunua diski moja kubwa ya bei kali, uitunze kama yai.

Halafu 1988, watu watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wakatoa andiko lenye wazo la kihasla kabisa. Badala ya diski moja ya kitajiri, chukua nyingi za bei rahisi, zile za kompyuta ndogo, uzifunge pamoja. Walikiita kitu hicho RAID. Hiyo I mwanzoni ilimaanisha "rahisi kununua". Wenye viwanda ndio baadaye waliigeuza ikawa "zinazojitegemea", na sababu nadhani unaiona.

Lakini wale watu hawakuficha tatizo. Walipiga hesabu: diski moja ikitarajiwa kuishi masaa 30,000, ukifunga mia moja pamoja bila kinga, utatarajia moja ife baada ya masaa 300. Hata wiki mbili hazifiki. Kwa hivyo swali likabadilika. Haikuwa tena "tutafanyaje diski isife?" Ikawa "ikifa, nani amebaki na kile ilikuwa imebeba?" Jibu rahisi kuliko yote ni pacha. Kila unachoandika hapa, kinaandikwa pia pale. Moja ikienda, nyingine inaendelea, unanunua mpya, inajazwa kutoka kwa ile iliyobaki.

Sasa mimi nikisoma hayo nikacheka, kwa sababu babu hakuwahi kugusa kompyuta na alikuwa anafanya hivyo hivyo.

Mturkana wa zamani hakuweka mifugo yake yote mahali pamoja. Alimpa rafiki mbuzi, rafiki akampa ndama siku nyingine, na hao marafiki walikuwa mbali, kwa malisho tofauti. Philip Gulliver, Mwingereza aliyekaa huku baada ya Vita vya Pili, aliandika kitabu kizima juu ya mambo haya 1955. Watu wa mjini wanaona ni ukarimu tu. Ukarimu upo, lakini pia ni hesabu. Mvua ikikosa hapa, pengine imenyesha kule. Wavamizi wakichukua za hapa, za kule zimebaki. Ugonjwa ukimaliza zizi lako, unatembea na fimbo mpaka kwa rafiki, unakaa, unakunywa maji, na bila kuulizwa sana unarudi na mbuzi wa kuanzia. Kwa ile njaa ya mwaka 1980 hivi, ambayo wazee wanaiita Lopiar, babu alipoteza karibu kila kitu alichokuwa nacho nyumbani. Kwa sauti yake mwenyewe anasema familia yetu ilianza tena na mbuzi waliokuwa kwa watu.

Turudi kwa meza yangu. Diski ya kwanza ilipokufa, sikusikia chochote. Nilipata tu ujumbe kwamba pacha mmoja hayupo. Mashine ilikuwa inaendelea kama kawaida, nikajisifu kabisa. Nikaagiza diski mpya Nairobi ije na basi, nikaenda kulala.

Usiku stima zikapotea. Ziliporudi, mashine haikuwaka. Kioo cheusi, maandishi meupe: hakuna diski ya kuwashia.

Wasee, nilikaa pale sakafuni nikashindwa hata kutukana. Si niliambiwa pacha? Si kila kitu kiko mara mbili?

Kumbe hapana. Na hapa ndipo historia inauma. Ile kompyuta ndogo ya IBM ya 1981, ambayo ndiyo babu wa hizi zetu zote, iliwaka kwa njia moja: programu ndogo iliyo kwa bodi inaamka, inasoma mwanzo wa diski moja, inafuata maagizo inayokuta hapo. Siku hizi maagizo hayo hayakai tena kwa kile kipande kidogo cha mwanzo, yanakaa kwa chumba chake maalum ndani ya diski. Lakini tabia ni ile ile. Programu ya bodi haijui mambo ya pacha. Mapacha wanajulikana na mfumo ukishawaka. Kabla ya hapo, mashine inatafuta chumba kimoja kwa diski moja, na chumba hicho kwa kawaida hakinakiliwi na ule mfumo wa pacha.

Mimi nilipoongeza diski ya pili mwaka jana, nilinakili ramani ya vyumba vizuri. Chumba cha data kikajazwa. Chumba cha kuwashia kikabaki tupu, kwa sababu nilidhani kitajijaza. Na diski iliyokufa ndiyo ilikuwa na maagizo. Data yote ya babu ilikuwa salama kwa diski nzima isiyojua kuamka.

Nikampigia jamaa mmoja fundi wa Kakuma, Mkongo, tunajuana kwa sababu ya video. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, usiguse kitu. Ile diski iko mzima?"

"Sijui."

"Basi usiandike kitu juu yake. Tafuta flashi, weka Linux, washa na hiyo. Angalia tu."

Nikafanya hivyo. Nikafungua ile diski kwa kusoma tu, nikatafuta folda, nikabonyeza faili moja. Babu akakohoa. Nitasema ukweli, nililia.

Hatua zilizobaki nazisema haraka, labda zitasaidia mtu. Kwanza, jua diski iliyokufa kwa namba yake ya kiwandani iliyo kwa kibandiko, usitegemee jina ambalo kompyuta inaipa, kwa sababu jina linaweza kubadilika ukiwasha tena. Watu wametoa diski nzima wakaacha mfu. Pili, nakili faili za maana kwingine kabla ya kujenga upya, kwa sababu diski iliyobaki itasomwa kwa nguvu masaa mengi na pengine ina umri sawa na ile marehemu. Tatu, weka mpya, nakili ramani ya vyumba, na uhakikishe vitambulisho vya mpya ni vyake, si nakala. Nne, ambia mfumo kwamba chumba hiki cha data kinachukua nafasi ya kile, halafu ngoja. Kwa ZFS kazi hiyo ina jina lililotokana na kupaka kioo fedha upya nyuma, ndiyo kionyeshe sura tena. Tano, hii ndiyo wengi tunaruka: jaza chumba cha kuwashia kwa diski ZOTE mbili. Sita, zima, chomoa moja, washa. Rudisha, chomoa nyingine, washa. Kama hujajaribu, huna pacha, una matumaini.

Baada ya hapo nilikaa nikisikiliza orodha ya babu kwa ajili ya baba mkubwa, na ndipo nikaelewa kitu ambacho kilikuwa mbele yangu siku zote.

Babu alikuwa na mifugo yake mahali pengi. Hiyo sehemu alikuwa mjanja kuliko mimi. Lakini orodha, yaani nani ana nini, kwa deni gani, kwa urafiki ulioanza lini, ilikuwa kwa kichwa chake peke yake. Wanyama walikuwa mapacha, chumba cha kuwashia kilikuwa kimoja. Zamani hilo halikuwa shida, kwa sababu kijana alitembea na mzee, akaenda naye Letea, akala huko, akajulikana uso. Maagizo yalinakiliwa kwa miguu. Sisi tulipelekwa shule za bweni, halafu chuo, halafu tukakaa mjini na simu. Vyumba vyetu viko. Ni vitupu. Na hapo sijilaumu kwa kwenda shule, ila najilaumu kwa kudhani vitajijaza.

Mtu ataniambia serikali ina nyaraka. Sawa. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa wakati wa mkoloni, ndiyo maana Kenyatta aliletwa hapa Lodwar 1959 baada ya Lokitaung: tulikuwa mahali pa kuweka mtu asisikike. Na nyaraka zenyewe? Kabla ya uhuru 1963 Waingereza walichoma nyingine, nyingine wakasafirisha kwao. Zilifichwa Hanslope Park mpaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa kortini London, ndipo zikakubaliwa kwamba zipo. Kwa hivyo nakala ilikuwepo miaka hiyo yote, lakini mwenyewe hakuwa na ufunguo. Nakala ambayo huwezi kuifikia haijakusaidia.

Jumamosi iliyopita nilipanda gari mpaka Kakuma, kilomita 120 hivi, na diski ndogo imefungwa kwa leso. Nikampa yule fundi. Ina sauti zote za babu, na karatasi iliyoandikwa orodha kwa mkono, kwa sababu karatasi haihitaji kuwashwa. Yeye akanipa yake: picha za nyumbani kwao Kivu ambazo mamake alitoka nazo, na zingine za hapo kambini. Kakuma ilifunguliwa 1992 kwa vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia, na hadi leo wengi wanaoingia wanafika na kile mikono ilibeba. Hakuna aliyehitaji kumweleza maana ya kuweka kitu chako kwa mtu wa mbali.

Tulipomaliza chai akasema, "Basi sasa, kaka, mimi na wewe tumepeana mbuzi."

Baba mkubwa amepata orodha. Wiki ijayo naenda naye Letea, kwa sababu yule mzee mwenye ngamia hajawahi kuona uso wangu, na hakuna faili ya kumwonyesha hilo.

Wewe, nyanya yako yuko hai? Simu unayo. Anza leo.