Kijiji Kisicho na Nukta

Ukiuliza vijana wa Nairobi ni lini dunia ilianza kutuheshimu kwa teknolojia, wengi watakutajia M-Pesa, 2007. Mimi huongeza jina la pili: Ushahidi. Ilikuja mwaka uliofuata, lakini hii ilizaliwa msibani.

Desemba 30, 2007, Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa urais na kuapishwa jioni hiyo hiyo. Siku hiyo pia serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi ikawaka, runinga zimefungwa mdomo. Habari zikabaki kwenye simu za watu: nani amechomewa nyumba, barabara gani imefungwa, wapi usipite.

Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akikusanya habari hizo kwenye blogu yake, aliandika Januari 3, 2008 akiuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wa kuziweka kwenye ramani. David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman wakaingia kazini. Siku chache tu, tovuti ikawa hewani. Ufundi wenyewe haukuwa wa kutisha: ramani ya Google, fomu ya kujaza, na njia ya kupokea SMS. Mwenye mulika mwizi aliweza kutuma alichokiona, kikageuka nukta kwenye ramani. Kulikuwa na nukta za mauaji na uporaji, na pia za watu waliokuwa wakihangaikia amani.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama ushindi wa mafundi. Mimi naona kazi ngumu ilikuwa kwingine. Kuna aliyethubutu kutuma. Halafu kuna aliyepokea na kuuliza: ni kweli? Nani mwingine ameona? Maanake uvumi nao huwa na kredo, na jirani akishaanza kumwogopa jirani, nukta moja ya uongo inaweza kuua.

Tena ramani haikuona kila kitu. Penye nukta nyingi pengine palikuwa tu na mtandao mzuri. Kijiji kisicho na nukta si lazima kiwe kilikuwa na amani. Huenda hakuna aliyebaki na chaji.

Programu hiyo ilifanywa huria, yeyote aichukue. Haiti ilipotetemeka Januari 12, 2010, watu walituma SMS kwa namba 4636, Wahaiti walio ng'ambo wakazitafsiri kutoka Kikrioli, na wanafunzi wa eneo la Boston wakaziweka kwenye ramani. Jina likabaki Ushahidi, kwa Kiswahili chetu.

Hapa nyumbani, Tume ya Waki ilikuja kuhesabu watu 1,133 waliouawa. Sidhani ramani yoyote iliwajua wote. Kwa hivyo uchaguzi ukikaribia na ramani mpya ikifunguliwa, mimi huanza kutazama pale pasipo na nukta, nikijiuliza: huko tuna nani wa kupigia simu?