Upimaji wa kadi za michoro

Upimaji wa kadi za michoro ni kazi ya kulinganisha kadi mbili au zaidi za kompyuta kwa kuziendesha katika mchezo uleule wa video, kwa mipangilio ileile, na kuhesabu fremu (picha) ambazo kila kadi inachora kwa sekunde. Michezo ya kufyatua risasi hutumika sana, kwa sababu ndani yake picha ikichelewa kidogo tu mchezaji hukosa shabaha.

Historia

Mchezo wa Quake, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwaka 1996, ulikuwa na amri iitwayo timedemo. Amri hiyo huonyesha upya mchezo uliorekodiwa, kwa kasi yote ambayo kompyuta inaweza, kisha hutoa wastani wa fremu kwa sekunde. Kwa kuwa rekodi ni moja, ustadi wa mchezaji hauingii katika hesabu.

Quake III Arena (1999) ulitumika hivyo kwa miaka kadhaa, hata watengenezaji wakaanza kuulenga. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba programu ya kuendeshea kadi ya ATI Radeon 8500 ilitambua jina la mchezo huo na kupunguza ubora wa picha ili namba zipande. Neno "quake" lilipobadilishwa kuwa "quack" katika faili la mchezo, kasi ilishuka na picha zikawa safi zaidi.

Kusoma matokeo

Wastani peke yake hudanganya. Fremu 60 kwa sekunde ni sawa na milisekunde 16.7 kwa kila fremu, lakini kadi yenye wastani huo inaweza kukwama mara kwa mara. Ndiyo maana wapimaji makini hutaja pia asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi.

Wingi wa pikseli nao lazima utajwe. Kioo cha 1920 × 1080 kina pikseli 2,073,600, mara 2.25 ya zile za 1280 × 720. Kwenye pikseli chache kadi mbili tofauti zinaweza kutoa namba zinazokaribiana, kwa kuwa kinachochelewesha ni prosesa, si kadi.

Umeme na joto

Vipimo vingi vinavyosomwa hufanywa mahali ambapo umeme si tatizo. Katika mkoa wa Kigoma, miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO kwa miaka mingi, hadi ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Kwa mtumiaji wa huko, au wa umeme wa jua, wati ni sehemu ya ulinganisho. GeForce GTX 1050 Ti imepangiwa wati 75, RTX 3060 wati 170. Kwa saa 10 za kazi nzito hizo ni uniti 0.75 dhidi ya 1.7, bila kuhesabu kompyuta yenyewe.

Kadi ikipata joto sana hupunguza kasi yake. Chumba chenye ubaridi wa nyanda za juu za Kasulu kinaweza kutoa matokeo bora kuliko chumba cha Dar es Salaam, kadi ikiwa ileile.

Kadi bandia

Kadi za zamani za Nvidia zimewahi kuuzwa zikiwa zimebadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua mwaka 2018, na hufaa kuiendesha kabla ya kulipa.