Kikokotoo cha Mafao ya Uzeeni

Kikokotoo ni kanuni ya hesabu ambayo mifuko ya hifadhi ya jamii Tanzania Bara huitumia kugawa haki ya mstaafu mafungu mawili: mkupuo anaolipwa mara moja akiacha kazi, na pensheni ya kila mwezi hadi anapofariki. Katika maeneo ya pembezoni ya wilaya za Temeke, Kinondoni na Kigamboni, mkoani Dar es Salaam, hesabu hii haitenganishwi na ujenzi. Mtumishi hununua kiwanja Chamazi, Toangoma, Bunju au Mabwepande angali kazini, husimamisha boma kidogo kidogo, kisha husubiri mkupuo ili aezeke, apige lipu na kuongeza vyumba viwili vitatu vya kupangisha.

Mifuko ni miwili. PSSSF ya watumishi wa umma ilianza kazi Agosti 2018 kwa kuunganisha mifuko ya awali ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF. NSSF ilibaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Kila mfuko hupokea asilimia 20 ya mshahara: katika PSSSF mwajiri hutoa 15 na mtumishi 5, na katika NSSF kwa kawaida kila upande hutoa 10. Anayestahili pensheni ya uzee ni aliyechangia angalau miezi 180. Kustaafu kwa hiari huanza miaka 55, kwa lazima miaka 60.

Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha miezi ya kuchangia kwa wastani wa mshahara wa mwaka, kisha kugawanya kwa 580. Sehemu ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5, idadi ya miaka ambayo mstaafu anakadiriwa kuishi baada ya kustaafu, na hilo ndilo fungu la mkupuo. Kabla ya mabadiliko yaliyotangazwa 2018, wanachama wa PSPF na LAPF waligawanyiwa kwa 540, wakazidishiwa kwa 15.5, na nusu ya pensheni yao ikaingia kwenye mkupuo.

Tuchukue mtu aliyechangia miezi 360, mshahara wa hesabu ukiwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF angepokea mkupuo wa shilingi milioni 62 na pensheni ya takribani 333,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya asilimia 25 iliyotangazwa 2018, mkupuo unashuka hadi milioni 23.3 na pensheni inapanda hadi takribani 465,500. Hapo ndipo zilipotoka ghadhabu za walimu na wauguzi waliokuwa wamebakiza mwaka mmoja au miwili kazini: milioni 62 inamaliza nyumba, milioni 23 inaiacha kwenye linta, bila paa.

Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, akaagiza kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Serikali ya awamu ya sita ilileta kanuni moja kwa wote kuanzia Julai 2022: mkupuo wa asilimia 33, kigawanyo 580. Malalamiko hayakukoma. Katika bajeti ya Juni 2024 asilimia hiyo ikapandishwa hadi 40 kwa kundi la PSPF na LAPF lililokuwa likipata 50, na hadi 35 kwa kundi la mifuko mingine lililokuwa likipata 25. Kwa mtu wetu wa mfano, asilimia 40 ni mkupuo wa milioni 37.2 na pensheni ya takribani 372,400.

Wataalamu wa mifuko wana hoja nzito. Mkupuo huisha: ndugu wanakopa, biashara isiyozoeleka inafilisika, na mzee wa miaka 75 anabaki na pensheni ndogo wakati dawa zinazidi kumgharimu. Aidha PSPF ilirithi mzigo wa watumishi walioajiriwa kabla ya 1999, ambao hawakuwahi kukatwa michango lakini walistahili pensheni kamili. Deni hilo la Serikali lilianza kulipwa kwa kiasi kikubwa Desemba 2021, kwa hatifungani maalumu ya takribani shilingi trilioni 2.17.

Lakini kudhani kwamba wanaodai mkupuo mkubwa hawajui hesabu ni kuwakosea haki. Kwa sehemu ya kizazi cha wazazi wao, akiba ya uzeeni ilikuwa NPF, mfuko ulioanzishwa 1964 na uliolipa fedha zote mara moja. Katika miaka ya 1980, mfumuko wa bei ukikaribia asilimia 30 kwa mwaka, michango ya miaka mingi iliyeyuka. Mfuko huo uligeuzwa kuwa NSSF kwa sheria ya 1997, ikaja pensheni ya kila mwezi; hata hivyo nyongeza ya pensheni hutegemea tathmini ya uwezo wa mfuko, haiji yenyewe bei zinapopanda. Kodi ya chumba Mbagala hupanda. Mstaafu mwenye vyumba vinne vya wapangaji na fremu moja ya duka amejitengenezea pensheni inayofuata bei za soko, na ambayo watoto watairithi. Nyumba ina hatari zake, kwani mpangaji huchelewesha kodi na kiwanja huweza kuwa na mgogoro, lakini uamuzi wa kuijenga ni wa kiuchumi kabisa.

Michango yenyewe pia imejenga jiji. Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680 kutoka Kurasini, lilifunguliwa Aprili 2016, NSSF ikiwa imebeba asilimia 60 ya gharama na Serikali 40. Nyumba za NSSF ziko Mtoni Kijichi. Upande wa pili wa hesabu ni mradi wa Dege huko Kigamboni, mji wa maelfu ya nyumba ambao NSSF iliuingia kwa ubia, ukasimama 2016 majengo yakiwa hayajakamilika. Fedha zilizolala pale zilikatwa kwenye mishahara, na wachangiaji walistahili kuulizwa mapema zaidi.

Haya yote yanawahusu wenye ajira rasmi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, na wengi wa wanaofanya kazi humo ni mama lishe, madereva wa bajaji, mafundi na wachuuzi wasio na mwajiri wa kuwachangia. NSSF huwapokea kwa hiari na wanaweza kulipa kwa simu, ila kipato cha siku hushindana na ada za shule, hivyo akiba nyingi hubaki kwenye vikoba na michezo ya upatu, ambavyo huvunjwa kila mwaka au kila mzunguko na havifiki uzeeni. Zanzibar ilichukua njia nyingine: tangu Aprili 2016 kila mzee mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni na Serikali bila kujali kama aliwahi kuchangia, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000. Tanzania Bara haina malipo ya aina hiyo kwa wazee wote, na fundi wa Tandika anayefikisha miaka 70 bila kuchangia hana anachoweza kudai katika mfuko wowote kati ya hiyo miwili.