Udongo Uliomwingiza Paka Ndani

Husemwa kwamba mtoto wa paka hufundishwa kutumia sanduku la mchanga, kana kwamba ustaarabu huo ameupata kwa binadamu. Historia ya sanduku lenyewe inaonyesha kinyume: paka alikuja na desturi yake, na aliyechelewa ni mwenye nyumba, ambaye hakuwa na kitu cha maana cha kumwekea. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Karibu, aliyeanza kuzoeana na wakulima na ghala zao yapata miaka 10,000 iliyopita, na kufukia haja kwenye udongo tifutifu ni tabia ya ukoo huo. Wiki za kwanza mtoto hulambwa na mama yake ndipo apate haja. Akikaribia mwezi mmoja huanza kuparapara mwenyewe. Hata yatima aliyelelewa kwa chupa, ambaye hakuwahi kumwona mama yake akifukia chochote, huparapara vilevile.

Basi kwa nini paka wengi wa Marekani waliishi nje, au nusu nje nusu ndani, mpaka katikati ya karne ya 20? Sababu kubwa ni uvundo. Waliomfungia ndani walijaza beseni mchanga, majivu ya jiko au magazeti yaliyochanwa. Mchanga haunywi mkojo; huuacha ukae hapo, bakteria wauvunje, na amonia inayotoka ijaze nyumba. Majivu nayo huganda kwenye nyayo za paka, kisha yakaonekana kila chumba. Kwa nchi za baridi kulikuwa na shida ya pili. Lamu, mji unaosifika kwa paka wake, hakuna aliyehitaji kumtafutia paka mchanga, maana uko nje mwaka mzima. Cassopolis, mji mdogo wa jimbo la Michigan, mchanga ulioachwa nje mwezi wa Januari huwa jiwe.

Ndivyo ilivyokuwa katika mji huo mwaka 1947, jirani alipomwendea Edward Lowe kuomba mchanga wa paka wake. Lowe, kijana wa miaka 26 aliyekuwa amelitumikia jeshi la wanamaji, alifanya kazi katika biashara ya baba yake, ambayo miongoni mwa bidhaa zake ilikuwa na udongo wa chengachenga uliokaushwa tanurini. Viwanda viliununua kunyonya mafuta yaliyomwagika sakafuni, kwa kuwa hauwaki moto kama maranda. Sifa yake haikuwa ngeni: kwa karne nyingi wasafishaji wa vitambaa vya sufu huko Ulaya walitumia udongo wa jamii hiyo kuondoa mafuta. Lowe akampa jirani udongo huo badala ya mchanga. Jirani aliridhika, akarudi kutaka zaidi. Lowe akajaza mifuko kumi ya ratili tano tano, akaipangia bei ya senti 65. Mwenye duka aliyepelekewa mifuko hiyo alitia shaka: nani atatoa pesa zote hizo wakati mchanga ni kama bure? Lowe akamwambia augawe bila malipo, na waliogawiwa wakarudi kununua.

Kisa hiki kimesimuliwa zaidi na Lowe mwenyewe, naye alikuwa mchuuzi hodari, aliyezunguka kwenye maonyesho ya paka akijinadi. Si dhambi kuhisi kwamba kimetiwa chumvi. Lakini mteja harudi kununua udongo kwa sababu ya hadithi tamu. Hoja nzito zaidi ni kwamba paka aliingizwa ndani na mambo mengine: friji, chakula cha kopo, na upasuaji wa kuhasi, uliopunguza tabia ya madume kurusha mkojo ukutani. Ni kweli, na bila hayo Lowe asingetajirika. Hata hivyo friji haiondoi harufu ya mkojo. Hayo yote yalimfanya paka awe rahisi kulisha na kuvumilika. Udongo ndio uliofanya mlango uweze kufungwa.

Wengine watauliza: kama tabia ni ya kuzaliwa, mbona watoto wa paka hukojoa zuliani? Kwa sababu silika humwambia achimbe, haimwambii achimbe wapi. Anachojifunza ni mahali. Na akilikimbia sanduku, mara nyingi ni chafu, liko mahali pa kelele, au anaumwa. Sekta yenyewe imelielewa hilo: miaka ya 1980 Thomas Nelson, mwanabiokemia wa Marekani, aligundua kwamba bentonaiti huvimba na kugandamana inapolowa, hata bonge chafu likaweza kuchotwa peke yake. Marekebisho kama hayo yamefanywa kwenye kinachojazwa sandukuni. Silika ya paka ya kufukia haikubadilishwa.

Kwa hiyo mwenye mtoto wa paka kwenye ghorofa, iwe Chicago au Dar es Salaam, atafute sanduku lenye ukingo mfupi, aliweke mbali na chakula na alisafishe kila siku. Kwa yule mdogo anayeonja kila kitu, udongo usiogandamana ni salama zaidi. Akikosea, usimgombeze; likague sanduku kwanza.